DRONI MASHAMBANI: NI WAPI TUNAWEZA KUIRUSHA?



Katika ukurasa huu wa Usalama na Afya tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, vumbi la mawe, maji machafu na malaria. Leo tutasema juu ya kitu kinachoruka. Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, siku hizi inauzwa Dubai na Nairobi kama vile redio zilivyouzwa zamani. Mtu anairudisha nyumbani ndani ya mfuko, pamoja na nguo za watoto. Jumapili anataka kuipeleka mashambani, mbali na nyumba za watu, apige picha za vilima na mto. Anajisemea moyoni: "Huku porini hakuna wa kunisumbua."

Neno hilo ndilo lenye hatari. Mjini mtu anaona uzio, askari na mnara wa ndege, naye anajizuia. Porini haoni kitu, basi anafikiri kwamba hakuna kitu. Tuangalie pamoja kilichopo juu ya pori letu la Ituri.

ANGA INA MWENYEWE

Tarehe 7 Desemba 1944 mataifa mengi yalitia sahihi, katika mji wa Chicago, Marekani, mapatano juu ya ndege za raia. Kifungu cha 8 cha mapatano hayo kinasema kwamba ndege inayoweza kuruka bila rubani isipite juu ya nchi ya taifa lingine bila ruhusa ya pekee ya taifa hilo. Wakubwa wale hawakuota ndoto. Mwaka ule ule mabomu yenye mabawa, yasiyo na mtu ndani, yalikuwa yakiangukia mji wa London. Walijua kwamba chombo kisicho na macho ya mtu ndani yake kinahitaji mlinzi.

Nchi yetu ni mmoja wa wenye mapatano hayo. Hapa kwetu mambo ya ndege za raia yanaongozwa na Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010. Msimamizi wake ni Autorité de l'Aviation Civile, tunayoiita AAC. Viwanja vya ndege na minara ya kuongozea vinashikwa na Régie des Voies Aériennes, yaani RVA. Katika desturi ya mataifa droni inahesabiwa kuwa ndege, hata kama inaingia ndani ya kikapu cha bibi.

Kwa hiyo tukumbuke hivi: shamba linaweza kuwa lako, mihogo ni yako, lakini hewa iliyo juu ya mihogo ni ya Taifa.

MILANGO MITATU

Anayetaka kurusha droni mashambani lazima apite milango mitatu. Mlango mmoja haufungui mwingine.

Wa kwanza ni mlango wa anga. Hapa ni AAC, pamoja na RVA kama kuna uwanja wa ndege karibu. Wao wanajua ni ndege gani zinapita, saa ngapi na kwa kimo gani.

Wa pili ni mlango wa usalama. Tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wa Ituri na wa Nord-Kivu iliwekwa katika hali ya kuzingirwa, ambayo kwa Kifaransa inaitwa état de siège. Amri ilitangazwa tarehe 3 Mei mwaka huo, kisha ikaongezwa mara nyingi, kila mara siku 15. Chini ya amri hiyo wakubwa wa jeshi na wa polisi walishika mamlaka ya mkoa na ya teritware. Walipewa uwezo wa kusaka nyumba mchana na usiku, na kukataza watu kutembea pahali fulani. Hesabu za makosa mengi zilipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Basi mtu mwenye kamera inayoruka anapaswa kwanza kujulikana na watu hao.

Wa tatu ni mlango wa udongo. Kila shamba lina mwenyewe, kila kijiji kina shefu wake, na kila msitu una mlinzi. Hata ukiwa na karatasi mbili za kwanza, ukiingia kijijini bila kumsalimu shefu, wewe ni mgeni aliyeleta jicho juu ya nyumba za watu.

PAHALI AMBAPO SI PA KUJARIBU

1. Karibu na uwanja wa ndege. Uwanja wa Murongo unapokea ndege za abiria, ndege za MONUSCO na ndege ndogo za misaada. Lakini tusifikiri Murongo peke yake. Nyankunde kuna kiwanja, na Mongbwalu, Aru na Mahagi vilevile. Ndege ndogo inayokwenda kuchukua mgonjwa hushuka polepole juu ya majani, pale pale ambapo mchezaji anafikiri hakuna kitu. Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2020, inataka droni ikae mbali kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa na kilomita 7 kutoka vidogo. Tukipima kilomita 10 kutoka Murongo, karibu mji wote wa Bunia unaingia ndani ya duara hilo.

2. Karibu na kambi za askari, vizuizi vya barabarani, madaraja na nyumba za Serikali. Hapa hatuna haja ya kueleza.

3. Juu ya kambi za waliokimbia vita. Tutarudi kwenye jambo hili.

4. Juu ya migodi. Eneo la mgodi lina mipaka na kibali chake. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Kisanduku cha kuongozea droni kinatuma mawimbi ya redio. Mawimbi ya redio yanaweza kuingiza umeme katika nyaya za viwashio vya baruti. Ndiyo maana wapasuaji mawe wanakataza simu na redio karibu na mashimo yaliyokwisha kutiwa baruti. Droni ni redio yenye mabawa. Kama kampuni inatumia droni yake kupima malundo ya udongo na mashimo, ni kwa saa iliyopangwa na wapasuaji wamejua.

5. Ndani ya hifadhi. Hifadhi ya Okapi, upande wa Mambasa, imewekwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu 1996, na tangu 1997 iko katika orodha ya pahali penye hatari. Mlinzi wake ni ICCN, na Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda viumbe vyake. Usidanganyike kwamba nyama wa porini hawajali. Huko Tanzania walinzi wametumia droni kufukuza tembo kutoka mashamba ya watu, kwa sababu tembo huukimbia mlio ule kama anavyokimbia nyuki. Ukimfukuza tembo kwa mchezo, unajua anakimbilia shamba la nani?

6. Mpakani na juu ya Ziwa Albert. Kasenyi na Tchomia zinatazama Uganda. Upepo wa ziwa una nguvu, na droni iliyopelekwa na upepo haina pasi ya kusafiria. Ikivuka, umeingiza ndege katika nchi ya watu, na Kifungu cha 8 kinakuhusu wazi.

7. Juu ya watu wengi: soko, ibada, kilio, mchezo wa mpira, uwanja wa shule. Kila mashine inayopanda inaweza kuanguka.

MBONA KITU KIDOGO KIOGOPWE HIVYO?

Wengine wanacheka: "Ndege kubwa itashindwa na kitu cha nusu kilo?" Tusikilize mifano miwili.

Tarehe 12 Oktoba 2017, karibu na mji wa Québec, Kanada, ndege ndogo yenye watu 8 iligongana na droni ilipokuwa ikijitayarisha kutua. Kwa bahati ilishuka salama.

Tarehe 9 Januari 2025, Los Angeles, Marekani, moto mkubwa ulikuwa ukila nyumba za watu. Ndege ya kuzima moto, inayochota maji baharini, iligongwa na droni ya mtu aliyetaka tu kuona moto. Bawa la ndege likatobolewa. Ndege ikashindwa kurudi kazini siku kadhaa, na moto bado ulikuwa unawaka. Mwenye droni alikuwa ameipeleka kilomita zaidi ya mbili kutoka pahali aliposimama, akapoteza kuiona. Hakuwa mtu mwenye nia mbaya. Lakini bawa halikuuliza nia.

Nguvu ya kugonga haitoki kwa uzito wa droni peke yake, inatoka pia kwa mbio ya ndege. Jiwe dogo lililolala barabarani halina neno, lakini likikutana na kioo cha motokari inayokimbia linakivunja. Na ndani ya droni kuna injini za chuma na batiri ngumu. Haivunjiki laini kama ndege mwenye manyoya.

Sasa fikiri juu yetu. Ndege ndogo inayotoka Nyankunde au Boga inaweza kuwa na mama aliyeshindwa kuzaa, au mfanyakazi aliyevunjika mgongo. Rubani ana injini moja. Tukimtobolea bawa, nani atamfikisha mgonjwa wetu?

HALI YETU YA ITURI

Kwetu sauti kutoka juu ina maana nyingine. Mwezi Desemba 2013, kule Goma, MONUSCO ilianza kurusha droni zisizo na silaha kuangalia mienendo ya makundi yenye bunduki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa kufanya hivyo. Baadaye katika vita vya mashariki zikaja droni nyingine, zile zinazobeba mabomu. Watu wamesikia habari hizo, na wengine wamesikia mlio wenyewe.

Basi droni yako ya kuchezea ikilia juu ya kambi ya waliokimbia, mama aliyepoteza nyumba mara mbili hatauliza kama ni ya mchezo. Atambeba mtoto na kukimbia. Katika msongamano wa mahema, watoto wanakanyagwa, sufuria za moto zinamwagika, wazee wanaanguka. Majeraha hayo yote yameletwa na mtu aliyetaka picha nzuri.

Na askari naye hawezi kujua kutoka chini kama kitu kile kina kamera au kina bomu. Anaweza kukipiga risasi, na risasi iliyopigwa juu hurudi chini. Kisha watamtafuta aliyekirusha. Kijana akikutwa porini na kisanduku cha kuongozea mkononi, na picha za kizuizi cha askari ndani ya simu, ataeleza nini? Na kama wa kwanza kumfikia si askari bali kundi lenye bunduki, hata nafasi ya kueleza hatapata.

JE, DRONI NI MBAYA?

Hapana. Chombo hakina kosa. Katika Rwanda, tangu Oktoba 2016, droni zinapeleka damu kwenye hospitali za vilimani. Tanzania, mwaka 2018, walijaribu kupeleka dawa kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 kwa dakika kama 40. Malawi, mwaka 2017, Serikali pamoja na UNICEF walifungua huko Kasungu eneo la pekee la majaribio, ili kila mmoja ajue kwamba droni zinarushwa pale. Na hapa nchini, mkoa wa Équateur, chanjo zimepelekwa kwa droni kwenye vijiji ambavyo mtumbwi unafika kwa taabu.

Angalieni, kazi hizo zote zilianza na ruhusa. Serikali zilijua, wakubwa wa anga walijua, na wanakijiji walielezwa kabla ya mashine kupita juu yao. Hiyo ndiyo tofauti.

UKIWA NA RUHUSA, UCHAGUE PAHALI HIVI

Barua ya kuomba iseme jina lako, aina ya droni, namba yake na uzito wake, pahali, tarehe na saa, kimo na sababu. Kabla ya kuinunua nje, uliza kwanza wakubwa wa forodha, DGDA. Ruhusa ikipatikana, beba karatasi yenyewe, si hadithi yake. Kisha:

— Chagua uwanda wazi, wenye majani mafupi, usio na nyaya za umeme, minara wala miti mirefu.

— Mwambie shefu na majirani siku moja kabla. Waonyeshe droni ikiwa chini, watoto waiguse imezimwa.

— Usiipoteze machoni. Nchi nyingi zimeweka kimo cha mita 120 juu ya udongo, nacho ni kipimo kizuri. Ukisikia ndege au helikopta, shusha mara moja, usingoje kuiona.

— Usirushe usiku, wala mawingu ya mvua yakikusanyika. Radi zetu za alasiri zinajulikana.

— Kumbuka kimo cha nchi yetu. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, mapanga yanashika hewa kidogo, batiri inachoka mapema. Dakika zilizoandikwa kwenye sanduku si dakika za Bunia.

— Usimpige picha mtu bila yeye kukubali, wala ndani ya ua wake.

MAUMIVU AMBAYO SISI WA DISPENSARI TUNAYAOGOPA

Mapanga. Yanazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Yanakata vidole vya anayetaka kuidaka droni kwa mkono, na uso wa mtoto anayesimama karibu. Kidonda cha kukata: osha mikono, bana kidonda kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, inua mkono juu, uje dispensari. Usimwagie petroli wala kuweka udongo. Tutaangalia pia kama chanjo ya pepopunda bado ina nguvu.

Macho. Jicho likigongwa, usilisugue. Kama kipande kimechoma ndani, usikitoe. Funika jicho bila kulibana, umlete mgonjwa upesi. Saa moja ya kungoja inaweza kuwa gharama ya jicho zima.

Batiri. Hizi za lithiamu si kama batiri za tochi. Zikivimba, zikianguka vibaya, zikitobolewa au zikichajiwa na kuachwa usiku kucha, zinaweza kuwaka zenyewe. Chaji mchana, ukiwepo, juu ya simenti au matofali, mbali na godoro, pazia na kopo la mafuta. Batiri iliyovimba imekufa. Usiichaji tena, usimpe mtoto. Ikiwaka nyumbani, toa watu nje kwanza, maana moshi wake ni sumu ya mapafu. Mchanga mkavu unazuia moto usienee, maji mengi yanaupoza. Ngozi iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mawese. Na ukisafiri kwa ndege, batiri za akiba zikae katika mfuko wako wa mkononi, kila moja imefunikwa ncha zake, zisiwekwe katika mizigo ya chini.

MASWALI YA WAFANYAKAZI

Mtoto wangu ana droni ndogo ya plastiki. Nimchome moyo kwa kumnyang'anya?
La. Ile ndogo isiyo na kamera inaweza kuchezewa ndani ya ukumbi uliofungwa, mapanga yakiwa na kinga, mtu mzima akiwepo. Anga ya wazi ndiyo yenye sheria. Na mtoto mwenye akili ya kuruka anaweza kutengeneza tiara ya karatasi. Naye atajifunza upepo, uzito na subira. Tiara nayo irushwe mbali na nyaya za umeme na uwanja wa ndege.

Nikikuta droni imeanguka shambani?
Usiiguse, usiipige teke, usiichukue kwenda kuuza. Inaweza kuwa na kitu cha kulipuka. Rudi kwa njia ile ile uliyopitia, zuia watoto, weka alama ya matawi mbali nayo, mjulishe shefu na askari walio karibu.

Droni ikipita juu ya mgodi wakati tuko kazini?
Usirushe mawe. Mjulishe kapita na walinzi. Mwenye kuendesha mashine kubwa asimamishe kwanza ndipo atazame juu. Wengi hugongwa na kile kilicho mbele yao wakitazama kile kilicho juu.

Shamba langu liko mbali sana, hakuna askari wala ndege. Nani atajua?
Wahenga walisema: msitu una masikio. Tena swali la kuuliza si nani atajua. Uliza kama ajali ikitokea mbali hivyo, nani atakubeba, kwa barabara gani, na utawaeleza nini wale watakaokukuta?

KWA KUMALIZA

Ndugu, hatukuandika haya ili kuwanyima watu furaha ya Jumapili. Tumeandika kwa sababu Ituri imezika watu wa kutosha, na hatutaki kuongeza hata mmoja kwa ajili ya picha. Mwenye droni aende kwanza kwa mkubwa wake wa kazi na kwa ofisi za anga pale Murongo, aulize njia ya kuomba ruhusa. Asipoipata, aweke mashine ndani ya sanduku na batiri pahali salama. Droni inaweza kungoja siku ya amani bila kuoza.

Soma ukurasa huu pamoja na watoto jioni, maana mara nyingi wao ndio wanaojua kuirusha kuliko baba yao.

RUHUSA KWANZA, KURUSHA BAADAYE. USALAMA NI KAZI YA KILA MTU.